Saa Tatu ya Kurasini

Karani wa yadi ya makontena ya Kurasini huvua kandambili mlangoni, huibishia kompyuta hodi, kisha huchapa kwa kidole kimoja kama anayechambua mchele. Jana tovuti yake ya kwanza ilifunguka: ukiandika namba ya kontena, inakuchotea kwenye hifadhidata saa ya lori kuondoka. Herieth, anayemfundisha, akaangua kicheko.

"Mama, lori la saa tatu asubuhi umelipeleka usiku wa manane. Mashine inahesabu Kizungu, andika tisa."

"Nikiandika tisa, madereva wangu watakuja alasiri. Tuifundishe yenyewe."

Wakakosea, wakafuta, wakacheka, mpaka skrini ikaandika: saa tatu asubuhi. Karani akaipapasa mgongoni kama mgeni aliyetoka mbali.

"Karibu Kurasini," akaiambia.