Kodi ya Benki Niliyoikimbia Hadi Kapolowe

Sioni haya tena kusema kwamba nilifunguliwa shati na mchungaji mbele ya wakwe, maana Likasi nzima inajua tayari, na afadhali muisikie kwangu kuliko kwa mke wangu Odette, ambaye kila akiisimulia anaongeza chumvi.

Chanzo ni benki. Mahari ya mdogo wangu Didier, iliyochangwa na familia, niliiweka kwenye konti yangu ya mshahara wa kiwandani, pamoja na akiba yangu ya kununua mabati. Asubuhi ya kwenda Kapolowe kuitoa hiyo mahari, dada wa gishe, pale dirishani, akanieleza kwa upole kwamba kila nikitoa pesa benki inakata komisyo, na juu ya komisyo serikali inakata kodi yake, na kesho nikirudi kuchukua ya mabati nitakatwa upya. Nikaona naibiwa (kiasi chenyewe, nakiri, hakikufika bei ya soda mbili), nikamwambia anipe zote leo, wakate mara moja basi. Ya mahari ilitoka kwa dola, ikaingia bahashani. Ya mabati ikakuta dola zimeisha, nikapewa faranga, noti ndogondogo zilizofungwa matofali kwa matofali.

Nje Didier na Odette wanasubiri na taksi, muda wa kupita nyumbani hakuna. Odette akanishauri nizirudishe kwenye konti, nikamjibu kwamba huenda hata kurudisha kuna kodi. Basi tukaingia uani kwa rafiki ya Odette jirani na benki, nikajifunga yale matofali tumboni kwa kitenge cha Odette, shati juu yasionekane, na safari ikaanza.

Kwa baba mkwe wa Didier, Papa Ngoie, wote ni watu wa maombi, na ndugu yake ndiye mchungaji, alikuja na waimbaji sita. Mimi ndiye msemaji wetu. Nikatoa bahasha, nikalia hali (kiwanda kinasuasua, mishahara inachelewa, tumeleta kila tulichonacho), nikaomba watupunguzie, na Papa Ngoie akaanza kulegea. Ila jasho lilikuwa linanitiririka, nimeketi nimeegemea nyuma kama mama wa miezi tisa, na bukari, ugali wetu, ilipoletwa nikashindwa kuiinamia. Mchungaji akalikazia macho tumbo langu.

“Papa Fulgence, hii tumbo ilianza lini?”

Ningesema nini, na nimetoka kulia umaskini? Nikasema ukweli nusu. “Leo asubuhi.”

“Basi balikuloga mu njia,” akasema, akasimama, na waimbaji wakasimama naye.

Nilijaribu kukataa, lakini anayekataa maombi ndiye anayeonekana kuwa na pepo. Wakanizunguka. Mchungaji akaweka mkono, akashtuka, akawaambia wenzake iko nguvu sawa jiwe, akanifungua vifungo aone, huku akikandamiza na kuomba kwa sauti, hadi fundo la kitenge likaachia. Tofali la kwanza likamwangukia kwenye kiatu. La pili, la tatu, yakafuata. Wote wakainama kutazama noti, isipokuwa mwimbaji mmoja aliyefumba macho, akaendelea kumshukuru Mungu peke yake.

Papa Ngoie akaokota tofali moja, akalipangusa vumbi.

“Mukwe, ulituambia hamuna kitu.”

Nikaanza kueleza: komisyo, kodi ya komisyo, mabati, dola zilizokwisha. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwongo, hata Didier akatazama pembeni.

“Serikali ikukate kodi ju ya kutoa feza yako mwenyewe?” akasema Papa Ngoie kwa huruma. “Papa, usituongopee mbele ya Mungu.”

Mambo ya kupunguziwa yakaishia hapo. Matofali yote yakapangwa mkekani kando ya bahasha, mchungaji akayaombea, na ukweli ni kwamba Mireille, binti wa Papa Ngoie, tulipewa kwa furaha, ni mke mwema, Didier amenenepa. Kapolowe mpaka leo wagonjwa wa tumbo wanapelekwa kwa mchungaji yule, ushuhuda wake ni mimi.

Siku hizi natoa pesa kidogo kidogo, wakate wanachokata, nasaini, nasema asante. Afadhali kukatwa na serikali dirishani, kimyakimya, kuliko kukatwa na wakwe huku kwaya inaimba.