Pikipiki ya Mikate kwenye Kona ya Mume Wangu

Niliingia uwanja wa mashindano ya pikipiki kwa mara ya kwanza nikiwa bibi wa wajukuu wanne. Nikatoka mle nikiwa mjane upya.

Mume wangu tulishamzika zamani. Lakini siku ile ndiyo niliyofiwa.

Tulieni niwasimulie taratibu. Mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Mimi nasambaza mikate. Alfajiri nachukua kreti kwenye tanuri la mikate, nalifunga nyuma ya pikipiki, nazunguka madukani. Wenye maduka wananiita Bibi Mikate. Jina langu halisi nadhani wameshalisahau, na mimi sijawakumbusha.

Pikipiki alinifundisha mume wangu, kwenye kiwanja cha mpira, tukiwa bado wachumba. Nikiiangusha anaiinua, anaifuta vumbi, ananiambia neno moja tu: "Tena."

Hakuwahi kunipigia kelele. Naomba hilo mlishike.

Yeye alikuwa mgonjwa wa mbio. Siku za mapumziko alikuwa anakwenda uwanja wa mashindano na mdogo wake wa kuzaliwa, huyu ninayemwita shemeji. Walikuwa wakitoka pamoja, kila mtu na pikipiki yake, wakirudi wamechafuka kama mafundi wa gereji, wanabishana nani alimshinda nani.

Siku moja wakaenda wawili, akarudi mmoja. Na huyo mmoja alibebwa kwa machela.

Mume wangu alifia kwenye kona. Shemeji alivunjika nyonga. Alipopata fahamu hospitalini, akawaeleza ndugu: kaka alinikatia njia nikiwa nyuma yake, sikuwa na pa kukwepea.

Wenye uwanja walisema ni ajali, wakaishia hapo. Ukoo haukuishia hapo.

Mume wangu hakuliliwa vizuri. Watu walikuwa wanalia huku wanatikisa vichwa, kama wanaolia kwa adabu tu. Mama mkwe akanitoa msibani na nguo zangu za msiba, akanipeleka hadi wodini, akaniambia nimwombee marehemu radhi kwa mdogo wake.

Nikapiga magoti kando ya kitanda. Kwenye sakafu iliyonuka dawa. Nikaomba.

Shemeji akageukia ukutani, akalia sana. Halafu akasema, "Nimemsamehe, shemeji."

Nikamwona muungwana.

Alipotoka hospitali, akaletwa kwangu. Nani mwingine angemhudumia, kama si mke wa aliyemvunja? Nilimwogesha. Nilimgeuza kitandani asitoke vidonda. Alipoweza kusimama na fimbo, nikadhani ataondoka. Hakuondoka. Nyonga imepona, mtu amebaki.

Chumba chenye jua la asubuhi kikawa chake. Kiti chenye mto, pale mezani, kikawa chake. Mnofu wa kwanza, wake. Mwanangu akimpitia mbele bila kumsalimu, nilimkaripia: mheshimu baba yako mdogo, unajua baba yako alimfanya nini.

Mtoto alikua na sentensi hiyo kichwani. Alikua akimwonea aibu baba yake.

Na mimi picha ya mume wangu niliilaza chini kabisa ya sanduku la nguo, uso chini. Nilikuwa na hasira naye. Nilikuwa nikimwogesha mdogo wake huku namwuliza kimoyomoyo: wewe mtu mpole hivi, ulikuwa unamkatia njia ndugu yako ili upate nini?

Hakunijibu. Nikaendelea kuosha.

Sasa, mjukuu wangu mkubwa ni muuguzi. Huyu binti hana breki ya mdomo. Alinikuta siku moja nimeishika ile picha, nimeduwaa. Akaniuliza, nikamweleza kwamba naogopa kufa nikiwa bado nimemkasirikia babu yake. Nitamwambia nini tukikutana?

Hakucheka. Wiki iliyofuata akaja na habari kwamba ameniandikisha uwanjani. Kuna siku ya wanaoanza, si mashindano, unazungushwa na mwalimu taratibu.

"Bibi, nenda ukaione hiyo kona kwa macho yako," akaniambia. "Umwelewe babu, umsamehe, yaishe."

Hicho tu ndicho nilichokifuata. Kumsamehe mume wangu.

Mwanangu aliposikia, akawa mbogo. Yeye ni fundi pale pale uwanjani, anatengeneza pikipiki za watu. Akasema pale si mahali pa bibi. Nitavunjika, nitachekwa, zile suti za ngozi za waendeshaji hazitanitosha. Nikamwambia nimeendesha pikipiki kabla hajaota meno. Baadaye nikaja kugundua ameficha ufunguo wangu ndani ya kopo la sukari.

Mtu mzima na ndevu zake, anaficha ufunguo kwenye sukari!

Nilidhani ni mapenzi ya mtoto kwa mama yake. Nikaufuta sukari, nikauweka mfukoni.

Shemeji naye alianza kwa kucheka. Akasema nikaribishwe na matarumbeta. Usiku ule hakula, na asubuhi nyonga ikaanza kumuuma ghafla, akataka nikae nimkande. Nikamwachia chai kwenye chupa, nikaondoka na mjukuu.

Uwanjani nilikuta vijana waliovaa kama kamba wa kukaanga, ngozi nyekundu, ngozi kijani. Na mimi na pikipiki yangu ya mikate. Mkaguzi akaizunguka, akaniomba nifungue vyuma vya kreti, akapangusa kiti. Zikamwagika chembe za mikate. Akaniuliza kama huo ndio mchanga wa kuzuia utelezi. Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Ilikuwa mara yangu ya mwisho kucheka siku ile.

Halafu akatoa karatasi ya gundi, akaanza kuziba vioo vyangu vya pembeni.

Nikamshika mkono. Mimi bila vioo ni kipofu. Barabarani ukiacha kutazama nyuma, lori linakulaza. Akanijibu kwamba ndiyo utaratibu, mwalimu atanieleza.

Mwalimu alikuwa mama mmoja mfupi, sauti nzito, anatafuna ubani. Alituweka kwenye chumba chenye viti vya plastiki, akaeleza bendera, akaeleza pa kuingilia na pa kutokea. Kisha akaja kwenye vioo.

Akasema humu ndani hakuna kutazama nyuma. Aliye mbele kazi yake ni kutazama mbele. Aliye nyuma ndiye mwenye jukumu la kumwangalia aliye mbele, na akitaka kumpita, atafute njia salama au asubiri.

Vijana walikuwa wanapiga miayo. Mimi nilihisi mtu amenimwagia maji ya baridi mgongoni.

Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, na wa mbele akinikatia njia?"

"Wa mbele hakukatii, Bibi. Wa mbele anapita njia yake. Wewe unamwona, yeye hakuoni. Ukimgonga, umemgonga wewe."

"Hata kwenye kona?"

"Kwenye kona ndiyo kabisa."

Nikamwuliza kama sheria hiyo ni ya siku hizi. Akasema hapana, ilikuwepo kabla yeye hajajua kuendesha baiskeli, na hakuna anayeruhusiwa kuingia, awe mteja awe fundi, bila kuambiwa maneno hayo kwanza.

Awe mteja awe fundi.

Hilo la fundi lilinipita sikioni. Lilirudi baadaye.

Tukaingia. Mwalimu mbele, mimi nyuma yake, vijana nyuma yangu.

Nitawaambia ukweli: kuendesha mle ni kutamu. Lami haina shimo hata moja. Hakuna mbuzi, hakuna honi, hakuna dereva wa kukutukana mama yako. Mwanzoni macho yangu yalikuwa yanakimbilia kioo, yanakuta karatasi. Yanakimbilia tena, karatasi. Vijana wakanipita, lakini kwa mbali, kwa adabu, kama watu wanaompisha mgonjwa. Nikazoea. Nikawaachia wa nyuma kazi yao.

Kisha ikaja kona.

Nilijua ndiyo yenyewe, mjukuu alinionyesha tangu kwenye uzio. Mwalimu alikuwa upande wa nje wa njia. Kona ilipofika, akalala na pikipiki, akaja ndani, akafuata ukingo, akatoka tena nje.

Na mimi nikafanya vivyo hivyo. Si kwa kupanga. Pikipiki yenyewe inataka hivyo. Kila aliyekuwa mbele alifanya hivyo, na kila aliyekuwa nyuma alijua kwamba atafanya hivyo.

Kumbe ndiko kukatiana njia kwenyewe. Mume wangu alipinda kona, basi. Alipinda kama watu wote wanavyopinda, na nyuma yake kulikuwa na mtu aliyekataa kusubiri.

Nilizunguka raundi zilizobaki nalia ndani ya helmeti. Ukilia ndani ya helmeti, hakuna pa kufutia. Kioo kinaingia ukungu, unaendesha kwa kubahatisha.

Kona ile ile kila nikiifikia, nilisikia: Tena.

Nilirudi nyumbani na mjukuu. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Shemeji yuko kwenye kiti chake chenye mto, mwanangu ameketi pembeni yake. Hakuna aliyeuliza safari ilikuwaje. Nikapakua. Nikaketi. Nikamwuliza shemeji kitu kidogo, kama mtu anayeomba chumvi.

"Hebu nikumbushe, siku ile nani alikuwa mbele?"

Akajibu kabla hajafikiri, kijiko kiko hewani.

"Yeye. Siku zote alikuwa mbele yeye."

Na ilivyotoka! Haikutoka kama habari, ilitoka kama kitu kichungu kilichokaa mdomoni miaka mingi. Akaisikia mwenyewe. Kijiko kikashuka.

Nikamweleza nilichofundishwa. Akaanza kusema walikuwa vijana, kwamba alitaka kumpita mara moja tu, mbele ya watu, mara moja tu maishani. Kwamba alipozinduka hospitali alishika uongo wa kwanza uliomjia, na mama yao akaudaka kabla hajaweza kuurudisha. Akasema nilipopiga magoti pale wodini, nusura aseme.

Nusura.

Nikageuka kumtazama mwanangu, nikitegemea kumwona ameshtuka kama mimi.

Alikuwa anaitazama sahani yake.

Ndipo nikakumbuka. Awe mteja awe fundi.

"Ulijua," nikamwambia.

"Tangu siku ya kwanza kazini, Mama."

"Na ukanyamaza."

"Ningesemaje? Ungemfukuza. Na baba mdogo ndiye aliyenilea."

Mjukuu wangu akasimama, akatoka nje. Baba yake ni huyo, hakutaka kumwona.

Nikamwambia mwanangu, "Mimi ndiye niliyekulea. Yeye alikuwa anakula."

Sukari ile. Kumbe hakuwa anaogopa nivunjike. Alikuwa anaogopa nisikie.

Shemeji naweza kumwelewa, nikijitahidi. Aliogopa, akadanganya, uongo ukampa chumba cha jua. Lakini mwanangu alikuwa na baba asiye na kosa mfukoni mwake, kila siku anaingia nyumbani kwangu naye, ananikuta nafua nguo za mwingine, na hakunipa.

Nilitaka shemeji afanye jambo moja. Aite ndugu, akae mbele yao, aseme kama alivyosema mezani. Akakubali. Ndugu wakaitwa, siku ikafika, nyonga ikamuuma. Ikapangwa siku nyingine, ikamuuma tena. Waliobaki wa rika letu ni wachache, na hao wachache wananiambia yaache, Bibi Mikate, umri wenyewe umekwenda, sasa itasaidia nini?

Waliponipigisha magoti hawakuuliza itasaidia nini.

Mnadhani nimemfukuza? Sijamfukuza. Vijana wangu wa mtandaoni najua mtanitukana. Mzee wa fimbo nimtupe wapi? Na sitaki aende akafie mahali nisipomwona.

Nilifungua sanduku. Nikaitoa ile picha, nikaifuta, nikaifanyia fremu. Nikapigilia msumari ukutani, ng'ambo ya meza, sawasawa na kile kiti chenye mto. Kiti sikukisogeza. Nilimwambia ni chako, kaa.

Mume wangu kwenye picha yuko juu ya pikipiki, ametabasamu, anatazama mbele.

Kila mlo shemeji anainua macho, anamkuta. Anayashusha. Anayainua tena, kwa sababu mtu hawezi kula akitazama mapaja yake maisha yote.

Mwanangu aliniomba niiondoe, eti mzee anakonda. Nikamjibu kwamba mimi nafuata sheria za uwanja wake tu. Aliye nyuma ndiye mwenye jukumu la kumwangalia aliye mbele.

Nyinyi mnaosoma, nawaachia hili. Ukiletewa kosa la mtu ambaye hayupo tena kujitetea, usikimbilie kupiga magoti. Uliza kwanza aliyelileta alikuwa wapi kosa lilipotokea. Mimi sikuuliza, na mume wangu akalala uso chini kwenye sanduku langu mwenyewe, mimi mkewe nikiwa ndiye niliyemlaza.

Nilikwenda uwanjani ili nimsamehe. Sasa kila alfajiri, kabla sijafunga kreti la mikate, nasimama mbele ya ukuta ule, namwomba yeye anisamehe mimi.

Bado hajajibu. Kesho nitamwomba tena.