Matundu Sita na Mbao za Shemeji

Fundi wa injini kwenye boti ile ya uvuvi mabaharia walimwita Bwana Matundu. Jina hilo, jamani, alilitolea jasho: miaka minne alirudia neno lilelile, na miaka minne hakuna aliyemsikiliza.

Chini ya ukuta unaozunguka sitaha kulikuwa na matundu sita, matatu kila upande. Wimbi likipanda, maji hutokea hapo na kurudi kwao. Lakini nahodha, bingwa wa kufikiri, aligundua kwamba samaki wawili watatu nao hutokea hapohapo. Akayapigilia mbao yote sita. Tatizo kwisha!

"Shemeji," fundi alimwambia asubuhi ile wakiondoka, maana nahodha alikuwa mume wa dada yake, "maji yakikaa juu, chombo kitalala ubavu. Dada atabaki mjane, na mimi sitakuwepo kumpa pole."

"Shemeji, wewe kaa na injini yako. Bahari niachie mimi."

"Na samaki wakichomoka?" mpishi akachokoza.

"Samaki wanajua kuogelea," fundi akajibu. "Wewe je?"

Adhuhuri wimbi la kwanza likapanda. La pili likalikuta la kwanza bado lipo, limestarehe kama mgeni aliyesikia harufu ya chai. Maji yote yakakimbilia ubavu wa kushoto, boti ikayafuata, na kurudi ikagoma. Mfuniko wa ghala la samaki ulikuwa wazi, bila shaka, ili samaki wapate hewa safi. Maji yakaanza kumiminika humo.

Nahodha, aliyeachiwa bahari, alikumbatia usukani na kumwita mama yake.

Fundi akaibuka na nyundo. "Funika ghala!" akamfokea mpishi. Akajifunga kamba kiunoni, akaingia kwenye maji ya mapajani. Mbao ya kwanza ikang'oka. Ya pili. Ya tatu ikamtoa jasho. Maji yakachomoka kwa kishindo pamoja na samaki wa asubuhi nzima. Boti ikasita, ikajifikiria, ikainuka.

"Samaki wangu!" nahodha akalia. Mabaharia wakajua amepona.

Nyumbani alimsimulia mkewe jinsi alivyoamuru matundu yafunguliwe. Mke alisikiliza kwa heshima zote, kisha akapokea furushi kutoka kwa kaka yake: mbao zote sita, maana zile tatu za kulia fundi alizing'oa wakirudi.

Siku hizi ni rafu ya jikoni. Nahodha akitaka kunywa chai, kikombe chake kinaning'inia hapo, kwenye msumari alioupigilia mwenyewe.