Mshono wa Tairi la Nyuma

Siku ya Idi Pili, kwenye mashindano ya baiskeli ya Mnazi Mmoja, nilisimama karibu na fundi wa viatu vya makubadhi. Asubuhi ile jiwe lilikuwa limechana tairi la nyuma la mpanda baiskeli wa mtaa wetu wa Ng'ambo, na hapakuwa na tairi jingine. Fundi alilishona kwa ngozi na uzi wa nta.

"Mzee, umezoea miguu," kijana wa mjini akamtania. "Hilo wallahi litapasuka mzunguko wa kwanza."

"Miguu ndiyo inayolalamika, mwanangu. Gurudumu halina mdomo."

Baragumu lilipolia, sote tulitazama nyuso za wapandaji. Fundi alitazama chini, na kila lile gurudumu lilipopita, vidole vyake vilikaza uzi usiokuwepo.

Mtu wetu alifika wa pili. Ng'ambo ikanyong'onyea. Fundi peke yake alirusha kofia juu: "Limefika! Limefika!"

Mpanda baiskeli akamjia moja kwa moja, jasho likimtiririka, akaupapasa mshono kwa kidole gumba.

"Nisamehe, mzee. Kila kona nilipunguza mwendo, nikidhani litaachia."

"Basi mwakani usipunguze."

Zawadi ilikwenda mjini, na ni haki yao. Sisi watazamaji tumezoea kuipigia makofi miguu tu. Lakini kesho yake nilipita barazani kwa fundi. Wapanda baiskeli watatu walikuwa wakingoja zamu, matairi mikononi, na wa mbele kabisa alikuwa mshindi.