Gunia ya Mipira

Miye niko mutu wa kelele, siwezi kuficha. Kama moto, ile pikipiki ya taxi, inanipita karibu sana ku barabara ya Butembo, naitukana mupaka inapotea ku kona. Donc, siku komite ya ekipe yetu ya mupira ilisikia eti kocha muzee anataka kuniachia filimbi yake, batu bote bakacheka: "Ule? Batoto batakuwa viziwi kabla ya mapumziko!" Miye sikucheka. Ile filimbi niliitaka kuliko kitu chochote, na mutu yeyote mwenye alinijua alijua.

Kocha hakuzaliwa hapa. Serikali ilimutuma kutoka province ingine kuwa mwalimu wa géographie, akafika na sanduku moja na Lingala mingi, na ekipe akaishika juu ya vile jioni hakukuwa na kitu kingine cha kufanya. Leo uliza mutu yeyote anayeuza pièces, vipuri vya moto, katikati ya muji: atakuambia kocha ni wetu. Batoto aliofundisha bakiwa miguu mitupu, bengine sasa ni bacommerçants bakubwa, bengine banalima viazi kule Lubero, na bote banasimama kama anapita.

Lazima niseme vile tulikuwa mbele yeye afike. Sisi Banande tuko na kiburi ya luga yetu. Kama tunacheza na ekipe ya basoda, ba jeshi, ao ya bageni, tulikuwa tunapigiana kelele kwa Kinande, nabo hawasikii kitu. "Pitia kushoto! Ule mukubwa amechoka!" Tunashinda. Kiisha tunaenda Beni, tunafanya vilevile. Ku Beni! Kwenye ata mbuzi zinasikia Kinande! Bachezaji ba Beni walitusikiliza vizuri, wakatungojea pale pale mupira ulikuwa unaenda. Tukarudi Butembo tumefungwa magoli mingi, tunalaumu arbitre, mwamuzi, njia yote.

Kocha aliona ile mechi moja tu, ikamutosha. Kesho yake akatupanga ku mustari, akasema: "Kwa kiwanja, hapana kusema. Mutapiga makofi. Kofi moja: niko nyuma yako. Mbili: rudi." Na mwenye atafungua mudomo, mechi ikiisha, atabeba gunia ya mipira ku mabega kutoka kiwanja mupaka ku kanisa ya paroisse, kupanda kilima chote, bila kusaidiwa, wenzake banamupita na moto na kumupungia mukono. Miye nilikuwa gardien, golikipa. Gardien anaona kila kitu, na hapana kusema! Ile gunia ilinizoea kuliko bibi yangu wa ndoa.

Mais tulianza kushinda, ata kule Beni. Tukanyamaza.

Tulinyamaza mu kiwanja tu. Ku banc, benchi ya kando, tulikuwa tunalipiza, kwa Kinande, karibu na masikio ya kocha, juu ya vile tulijua hasikii Kinande. Tulicheka suruali yake, tukacheka vile anakula bukari, ugali yetu, kama mutu anayeogopa kujiunguza. Njo miye nilileta ile ya tumbo: eti tumbo ya kocha inafikaka ku kiwanja, inasalimia batu, kiisha yeye mwenyewe anafika. Wenzangu walianguka ku majani. Kocha alikunja uso, akafunga tena kamba ya kiatu yenye ilikuwa imefungwa.

Sasa goti lake limechoka, na batoto yake bamemuita kwabo. Ndege yake, ku uwanja wa ndege wa Rughenda, ilikuwa ya kuondoka kesho yake, na mechi ya mwisho ilikuwa na Beni, ku kiwanja chetu. Akaambia komite mbele yangu: "Huyu atasimama ku mustari ya kando kama kocha. Kama anafunga mudomo mupaka mwisho, filimbi ni yake. Kama anasema, mutafute mwingine." Bakanitazama kwa huruma. Bibi yangu ndiye alinisaidia. Alinipa kipande cha samaki kavu ya Kyavinyonge, kule ku ziwa, ngumu sana, akasema: "Papa, weka mu mudomo. Tafuna. Usimeze kabla ya mwisho."

Nilitafuna. Tulikuwa na goli moja, Beni hawana kitu, na batoto wetu banacheza vizuri, makofi huku na huku. Mapumziko ikapita, natafuna. Karibu na mwisho, beki yetu wa kushoto akasahau nafasi yake, akapanda mbele, na kijana wa Beni akakamata mupira. Aï! Maneno yalinifika ku meno. Nikauma samaki, nikapiga makofi mbili kwa nguvu yangu yote. Beki hakusikia, juu ya vile batu bote walikuwa banaimba.

Halafu nikasikia sauti nyuma yangu: "Rudi kushoto, we mutoto! Kushoto, anapitia kushoto!"

Kwa Kinande. Kinande safi, kile cha bamama ba soko. Nikageuka. Ni kocha, amesimama na goti lake mubaya, mikono juu, jasho ku uso. Beki alimusikia, akakimbia kushoto. Kijana wa Beni naye alimusikia, bila shaka, akageuza kuume. Goli.

Kocha akajifunika mudomo na mikono mbili.

Mechi ikaisha goli moja kwa goli moja. Batu ba komite walitazama viatu vyabo. Kocha alikuwa ananitazama miye tu, anangojea, na nikaona wazi ni nini anangojea. Nikameza samaki. Nikanyoosha kidole ku gunia.

Akatoa filimbi ku shingo yake, akaiweka ku yangu. Kiisha akainama, akatupa gunia ku bega.

"Kocha," nikasema, "tangu lini unasikia Kinande?"

"Tangu mwaka wa kwanza. Mama mwenye nyumba nilikuwa napanga ndiye alinifundisha."

"Na hukusema kitu!"

"Mungeacha kunichekesha. Nilikuwa mbali na kwetu, mutoto yangu. Usiku nilikuwa nakumbuka maneno yenu, nacheka peke yangu mupaka usingizi." Halafu kwa Kinande, bila kukosa ata neno moja: "Tumbo imeshatangulia. Miye naifuata."

Akaanza kupanda. Nikashika pembe ya gunia. "Hapana kusaidia," akasema. "Ni sheria." Nikaachilia. Nikatembea nyuma yake na mikono mitupu, nalia wazi wazi, sina haya. Moto zilitupita, bataximan banapiga honi, bamama banaacha kuuza na kusimama. Pale kilima kinakuwa kikali, kabla ya paroisse, alisimama kupumua, na gunia ikaanza kuteleza ku bega lake.

Nikapiga kofi moja.

Hakugeuka. Alirudisha gunia vizuri ku bega, akaendelea kupanda.