Kuku ameshachinjwa, kazi ni ya uongo

Leo nimenaswa ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Binti yangu Kemunto (diploma anayo, na urembo ni wa mamake) aliambiwa na wakala wa ajira kuwa amepata kazi ya hospitali Nairobi. Nikatangazia soko lote la Birongo. Leo kina mama wa kanisa wamekuja kumwombea.

Wakala akapiga simu. Nikaweka spika, wasikie wenyewe!

"Mama, tuma pesa ya sare saa hii, ama nafasi tunapea mwingine."

Kina mama wote wakageuka kunitazama.

Kemunto akaninong'oneza, "Mama, usitume. Hakuna mtu alinihoji. Mwajiri wa kweli hauzi kazi."

Nikitazama simu, naona bonasi yangu ya mwaka ya majani chai ikienda. Nikitazama wageni, naona aibu.

"Mama, uko?" wakala akauliza.

Nikakata simu. Nikakimbilia jikoni, eti nageuza ugali.

Mama Nyaboke, mmoja wa wale wa kanisa, akanifuata. Nikangoja anicheke.

"Hiyo sauti naijua," akasema polepole. "Ilikula pesa ya kijana wangu. Tulinyamaza kwa aibu."

Basi mimi sinyamazi, na pesa situmi. Kemunto bado anatafuta kazi, na akili yake mmeiona.

Nani mwingine amepigiwa na wakala kama huyu? Semeni hapa kwenye maoni, nasoma wageni wangu wakila kuku.