Barua Niliyoisoma kwa Sauti

Keti kidogo, nikueleze jinsi mshahara wa mtu unavyoweza kupunguzwa mpaka mwenyewe akashukuru. Sitakuharakisha. Mimi mwenyewe nilichukua miezi mingi kuelewa.

Nilikuwa karani wa stoo ya nyuzi katika kiwanda cha nguo hapa Eldoret. Saa nne, wakati wa chai, nilikuwa na kazi nyingine isiyo na malipo. Wafumaji waliniletea barua zao za shule, za hospitali, za chifu. Karibu zote ziliandikwa kwa Kiingereza, na wengi wao waliacha masomo mapema. Nilizisoma kwa sauti, kisha nikazieleza kwa Kiswahili mpaka mwenye barua aseme ameshika. Ndiyo maana waliniita Mwalimu, ingawa sijawahi kushika chaki.

Mwaka ule biashara ilizorota. Nguo zilirundikana bila mnunuzi, na mashine zikawa zinazimwa Alhamisi na Ijumaa. Tulijua kuna jambo linakuja. Lilikuja ndani ya bahasha, kila mtu na yake, na afisa wa wafanyakazi akaniita kando.

"Watu wanakuamini," akasema. "Wasomee. Waambie watie sahihi, ama tufunge."

Nilijivuna kidogo, lazima nikiri. Nikapanga vipande kumi vya mkate juu ya meza ya chai. "Huu ndio mshahara wa sasa," nikawaambia. "Kuanzia mwezi ujao, viwili vinatoka."

"Na hivyo viwili vinaenda wapi, Mwalimu?" akauliza fundi wa mashine, mtu wa kutoka upande wa ziwa, asiyekosa neno.

"Vinaokoa kiwanda."

"Kumbe kiwanda kinakula mkate? Basi kipewe na chai!"

Watu wakacheka, nami nikafurahi, maana anayecheka husikiliza. Kisha nikawasomea sentensi ya mwisho, ambayo niliiona kama faraja: masharti mengine yote yatabaki vilevile. "Likizo iko," nikasema. "Bima iko. Kiinua mgongo kiko, hakijaguswa."

Mama mmoja wa idara ya kufuma akainua uso. Alikuja huku kutoka mkoa wa kati akiwa msichana, akapanga chumba kimoja mtaani Langas miaka yote ya kazi yake. Alikuwa amebakisha miezi mitano astaafu. Huko Cheptiret, nje ya mji, alikuwa akijenga nyumba ya vyumba vitatu, pole pole, ukuta mwaka huu, mlango mwaka ujao. Kuta zilikuwa zimeshafika juu. Kiinua mgongo kilikuwa cha mabati.

"Hakijaguswa kabisa?"

"Kabisa, Mama. Si nimesoma?"

"Haya, asante. Wewe ukisema, mimi nani nibishe?"

Akatia sahihi. Wengine wakamfuata, na foleni ikaenda haraka.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo nilipokosea. Kiinua mgongo chetu hakikuwa pesa zilizofungiwa mahali zikingoja mwenyewe. Kilikuwa hesabu: unachukua mshahara wa mwezi wa mwisho, unazidisha kwa miaka uliyofanya kazi, kisha kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mkataba. Kipimo hakikuguswa, hiyo ni kweli. Lakini mshahara wa mwisho sasa ulikuwa ule mdogo. Yule Mama hakupunguziwa miezi mitano tu. Alipunguziwa kila mwaka aliosimama mbele ya ile mashine, hata miaka ya zamani ambapo kiwanda kilinawiri. Mwenye miaka ishirini mbele yake angengoja hali irudi. Yeye hakuwa na muda wa kungoja. Nilisoma kila neno la barua, lakini sikujiuliza aliyeishika amebakisha siku ngapi.

Alipostaafu aliniletea karatasi ya malipo, wakati wa chai kama kawaida. "Hebu nisomee, Mwalimu. Naona kama wamekosea."

Nilisoma mara mbili. Hawakuwa wamekosea. Nikamweleza, na kwa mara ya kwanza nilitamani mtu asinielewe.

"Kwa hivyo ulijua?" akauliza.

"Sikujua, Mama."

"Hata mimi sikujua. Basi tuko wawili." Akanishika bega, kana kwamba mimi ndiye niliyepata msiba.

Nilimtembelea Cheptiret wakati wa mvua. Mabati yalikuwa yametosha vyumba viwili. Cha tatu kilikuwa wazi, majani yameota ndani, na kuta zake zilikuwa zimeanza kumomonyoka. Alinikaribisha chai na viazi vitamu, akanisimulia habari za kuku wake. Mvua ilipoanza, tuliisikia ikinyesha ndani ya nyumba, upande wa pili wa ukuta. Aliongeza sauti kidogo, akaendelea na kuku. Afadhali angenitukana.

Mwaka uliofuata mshahara ulirudishwa ulipokuwa, kwa sisi tuliobaki. Watu walipiga makofi. Mimi sikuweza.

Kwa hivyo ukiletewa barua ya namna hii, hata kama anayekusomea anakupenda, usitie sahihi siku hiyo. Omba nakala, nenda nayo nyumbani, kisha umwandikie mwajiri swali moja: nikiondoka, malipo yangu yatahesabiwa kwa mshahara upi? Ngoja jibu la maandishi, ndipo ushike kalamu.